Miswaki midogo ya katikati ya meno: kifaa kinachowahi kuonyesha ugonjwa wa fizi

Kwa mtu anayetaka kuugundua ugonjwa wa fizi ungali mchanga, sijaona kifaa cha nyumbani kinachofaa kuliko miswaki midogo ya katikati ya meno. Ugonjwa huu kwa kawaida hauumi unapoanza, na mara nyingi huanzia kwenye ile ncha ya ufizi iliyo kati ya jino na jino, mahali ambapo mswaki wa kawaida haufiki na kioo hakionyeshi kitu. Mtu anaweza kupiga mswaki kila asubuhi na kila usiku, meno yake ya mbele yakang'aa, huku fizi za magego zikiwa zimekwisha kuvimba bila yeye kuhisi chochote.

Umbo la kifaa chenyewe ni rahisi: waya mwembamba uliozungushiwa nyuzi laini, ukashikizwa kwenye mpini. Jambo linalohitaji umakini ni saizi. Miswaki ya TePe, kwa mfano, hutofautishwa kwa rangi, kuanzia wa waridi wa milimita 0.4 hadi mweusi wa milimita 1.5, lakini rangi hizo hazilingani na za watengenezaji wengine, kwa hiyo anayebadilisha chapa asitegemee rangi peke yake. Unaofaa ni ule unaojaza pengo, nyuzi zikigusa meno ya pande zote mbili, bila waya kukwaruza. Kwa kuwa mapengo ya kinywa kimoja hayalingani, pakiti yenye saizi mchanganyiko ndiyo ningeanza nayo.

Thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, iko katika kile kinachobaki kwenye nyuzi baada ya kuupitisha. Ufizi wenye afya hauvuji damu kwa kuguswa hivyo. Damu ikionekana mahali palepale siku baada ya siku, hata kama ni doa dogo tu, hiyo ni dalili ya kuaminika kuliko rangi ya fizi, na hapa maelezo mengi yanayosambazwa yana kasoro inayonisikitisha: huwaambia watu kwamba fizi nzima ni za waridi na fizi gonjwa ni nyekundu, ilhali watu wengi wenye ngozi nyeusi wana fizi za kahawia au nyeusi kwa asili, na wekundu hauonekani kwa urahisi kwao. Wao, kama watu wengine wote, watazame damu, uvimbe, ncha za fizi zilizopoteza wembamba wake na kuwa butu, na harufu mbaya ya kinywa isiyokwisha.

Wengi wakiona damu huacha kusafisha sehemu hiyo wakidhani wameijeruhi, na kwa kufanya hivyo huupa ukoga, ule utando wa meno unaosababisha uvimbe wa fizi, nafasi ya kuongezeka. Mwaka 1965 mtafiti wa magonjwa ya fizi Harald Löe na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu 12 wenye fizi nzima waliacha kusafisha meno kwa makusudi. Wote walipata uvimbe wa fizi ndani ya siku 10 hadi 21, na usafi uliporejeshwa fizi zao zikapona. Hatua hii ya kwanza, basi, hurudi nyuma. Ile inayofuata, ambapo mfupa unaoshikilia jino huanza kuliwa, inaweza kudhibitiwa, lakini mfupa uliopotea kwa kawaida haurudi wenyewe.

Mipaka ya kifaa hiki ni ya kweli na mnunuzi anastahili kuijua. Kwa mvutaji wa sigara, kukosekana kwa damu si hakikisho la afya, kwa sababu uvutaji hupunguza kuvuja kwa damu huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini. Kwa upande mwingine, mjamzito au mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja damu kwa urahisi zaidi. Mswaki huu hauondoi ukoga uliokwisha kuwa mgumu, wala haupimi kina cha nafasi iliyo kati ya jino na ufizi. Hiyo ni kazi ya daktari wa meno, anayetumia kijiti chenye alama za milimita: 1 hadi 3 kwa kawaida ni hali nzuri, 4 na zaidi humfanya achunguze kwa makini.

Pia haufai kila pengo. Meno yakiwa yamebanana mno, uzi wa meno hubaki kuwa chaguo bora, kwani kuulazimisha waya upite huumiza ufizi na kuukunja waya wenyewe. Kutumia mara moja kwa siku kunatosha. Ukishatumiwa usuuzwe, na nyuzi zikilegea au waya ukipinda utupwe. Gharama ya kununua upya mara kwa mara ndiyo lalamiko langu kuu.

Damu ikiendelea kwa wiki mbili licha ya usafi wa kila siku, miadi na daktari wa meno isisubiri maumivu. Usaha, jino linalolegea, au fizi zinazorudi nyuma na kufanya meno yaonekane marefu kuliko zamani havistahili hata hizo wiki mbili.