Canon 50mm f/1.8 STM: lenzi ya bei nafuu isiyovimbisha pua

Wengi wanaosema "mimi sitoki vizuri" wameponzwa na umbali tu. Simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, pua iko karibu na kamera kuliko masikio, kwa hiyo inatuna. Lenzi hii ya 2015, gramu 160 tu, inamlazimu mpiga picha kurudi nyuma. Kwenye kamera ya APS-C (yenye kihisi kidogo cha picha) inabana picha kama lenzi ya 80mm. Simama mita mbili hivi, uso utabaki ulivyo.

Ila f/1.8, yaani tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, ina mtego: mteja akigeuka kidogo, jicho moja kali, la pili ukungu. Punguza tundu hadi f/2.8, lenga jicho lililo karibu nawe. Mota ya kulenga inasikika kwenye video, kero kweli.

Ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe? Kamera itaitia giza. Ongeza mwanga wa picha hadi +1 kwenye kamera (exposure compensation), usikimbilie programu ya kung'arisha ngozi. Na mteja akiikataa sura yake, mgeuzie picha kushoto-kulia. Hiyo ndiyo anayoiona kwenye kioo kila asubuhi, na mara nyingi ndiyo anayoichagua.