Karibu miaka mitatu na kiti cha mtoto cha gari: uzoefu wangu

Tulinunua kiti hiki wiki sita kabla binti yetu hajazaliwa, na sasa ana umri wa miaka miwili na miezi kumi. Katika muda huo kimembeba kwenda kliniki, kwa bibi yake, ufukweni, na katika safari mbili ndefu ambazo kila moja ilituchukua zaidi ya saa nane barabarani. Sitaitaja kampuni iliyokitengeneza, kwa sababu karibu yote nitakayoyasema yanahusu aina hii ya kiti kwa jumla, na mzazi atayakuta hata akinunua cha kampuni nyingine. Ni kiti cha kutumiwa tangu mtoto anapozaliwa hadi afikishe urefu wa sentimita 105, kinazunguka juu ya kitako chake, kinafungwa kwa ISOFIX, na mbele yake kina mguu wa tegemeo unaokanyaga sakafu ya gari.

Kwa asiyeijua ISOFIX, hivyo ni vyuma viwili vidogo vilivyochomelewa kwenye mwili wa gari, navyo hujificha katika ufa uliopo kati ya mgongo na kitako cha siti ya nyuma. Mikono miwili ya kiti cha mtoto hung'ata vyuma hivyo, na kikishashika vizuri alama nyekundu hugeuka kuwa ya kijani. Faida yake kubwa ni kwamba humwondolea mzazi kazi ya kupitisha mkanda wa gari katika matundu ya kiti, kazi ambayo wengi wetu hukosea bila kujua. Kwa mtoto wetu wa kwanza tulitumia kiti cha kufungwa kwa mkanda wa gari, nacho hakikuwahi kutulia. Kila kona kililala upande mmoja, na kila safari mke wangu alikaa nyuma akikishikilia kwa mkono. Hiki cha sasa, ukikitikisa, ni gari lote linalotikisika.

Jambo lililotufanya tuchague aina hii ni kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, ambayo utaiona imeandikwa kwenye kibandiko cha rangi ya chungwa chenye herufi E ndani ya duara. Kanuni ya zamani, namba 44, ilipanga viti kwa uzito wa mtoto, na iliruhusu mtoto wa kilo 9 kugeuzwa kutazama mbele. Watoto wengine hufikisha kilo hizo kabla ya mwaka mmoja, ilhali shingo zao bado hazijakomaa. Kanuni mpya inafuata urefu, inadai kiti kijaribiwe pia kwa kugongwa ubavuni, na hairuhusu mtoto kugeuzwa kutazama mbele kabla hajapita miezi 15. Nasisitiza hilo kwa sababu muuzaji wetu, ambaye kwa mengine yote alitusaidia kwa moyo, alituambia kwamba mtoto akitimiza mwaka tumgeuze tu. Tungemsikiliza kama tusingesoma kijitabu.

Sababu ya kumtazamisha mtoto nyuma ni rahisi kuieleza. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, na shingo inayokibeba ina mifupa ambayo bado ni laini. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ghafla kwa kugonga kitu, nguvu yake ni kama ya kuanguka kutoka kimo cha karibu mita 10. Mtoto anayetazama mbele hushikwa mabegani na mikanda, na kichwa pekee ndicho kinachorushwa. Anayetazama nyuma hupokewa na mgongo wa kiti, kichwa, shingo na kiwiliwili kwa pamoja. Wazo hilo lina umri mrefu: mwaka 1964 kampuni ya Volvo ilijaribu kiti cha kwanza cha namna hiyo, kilichotokana na kazi ya Bertil Aldman wa Sweden, ambaye alivutiwa na jinsi wanaanga walivyolazwa chali ili mgongo wote upokee msukumo wa roketi.

Sasa nieleze kosa letu, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Kwa miezi mitano ya mwanzo tulikitumia kiti hiki tukiamini kimefungwa sawasawa. Alama zote zilikuwa za kijani: mbili za ISOFIX na moja ya mguu wa tegemeo. Siku moja, tukirudi kwa mama mkwe, mwendesha baiskeli alikatiza mbele yetu nami nikafunga breki kwa nguvu. Hatukugonga kitu, na mtoto aliamka akilia bila kuumia, lakini tulisikia mlio wa kitu kupasuka huku nyuma. Tulipofika nyumbani nilitoa kiti, nikainua zulia la miguuni, nikakuta kifuniko cha plastiki kimepasuka katikati. Chini ya sakafu ya siti za nyuma gari letu lina vishimo vya kuhifadhia vitu vidogo, na mguu wa tegemeo ulikuwa umesimama juu ya mfuniko wa kimojawapo. Alama ya kijani ilikuwa inasema ukweli wake mdogo, yaani kwamba mguu umegusa kitu kigumu kiasi cha kukibonyeza kitufe kilichopo kwenye unyayo. Haikuweza kujua kwamba chini ya kitu hicho kuna utupu.

Usiku ule mke wangu alikaa na vitabu viwili mezani, cha kiti na cha gari. Cha kiti kilikuwa na mchoro mdogo wa mguu juu ya sanduku, umepigwa mstari wa kukataza, bila neno hata moja la maelezo. Cha gari kilikuwa na aya nzima iliyosema kwamba mguu wa tegemeo usiwekwe juu ya kishimo hicho mpaka kijazwe kwa kipande maalumu kinachouzwa na watengenezaji wa gari. Tuliagiza kipande hicho, na siku kumi za kukingoja hatukumsafirisha mtoto kwa gari lile. Mpaka leo najilaumu kwamba kitabu cha gari kilikuwa ndani ya droo ya dashibodi muda wote huo, hatua moja kutoka alipolala mwanangu.

Kwa hiyo, mzazi anayekusudia kununua kiti chenye mguu, naomba kabla ya kulipa ainue zulia la gari lake na kugonga sakafu kwa ngumi. Kampuni nyingi zina orodha ya magari ambayo viti vyao vimethibitishwa kukaa vizuri. Kama gari lako halimo, uliza. Ni bora zaidi kukijaribu kiti ndani ya gari lenyewe kuliko kukitazama kwenye rafu.

Kosa la pili lilikuwa dogo lakini la kila siku. Tulikuwa tunailegeza mikanda ya kifuani kwa huruma, tukidhani tunampa mtoto nafasi ya kupumua. Kipimo tulichojifunza ni kubana mkanda kwa vidole viwili hapo begani: ukiweza kuukunja na kuushika, bado umelegea. Nguo nene nazo huleta udanganyifu uleule, kwa kuwa hewa iliyomo ndani yake hubonyea wakati wa mshtuko na mkanda hubaki unaning'inia, hivyo sisi humfunga kwanza kisha tukamfunika blanketi kwa juu. Mtoto anapotazama nyuma, mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Anapotazama mbele, itokee usawa wa mabega au juu yake kidogo. Kwenye kiti chetu kimo cha mikanda hubadilishwa kwa kuvuta egemeo la kichwa, na hili ni mojawapo ya mambo yaliyotengenezwa kwa akili sana, kwani halihitaji kufungua kitu chochote.

Katika matumizi ya kawaida, sifa niliyoidharau dukani ndiyo ninayoishukuru zaidi sasa, nayo ni kule kuzunguka. Unakigeuza kielekee mlangoni, unamkalisha mtoto akiwa anakutazama usoni, unamfunga bila kupinda mgongo, kisha unakirudisha. Mke wangu alijifungua kwa upasuaji, na kwa wiki nyingi asingeweza kumwinua mtoto huku amejikunja. Mama yangu, ambaye magoti yake yamechoka, naye humfunga mwenyewe bila msaada.

Bibi huyohuyo ndiye aliyekuwa na mashaka makubwa kuhusu miguu. Binti alipopita mwaka mmoja na nusu, miguu yake iligusa mgongo wa siti, na kila tulipoonana mama alisema, "Baba, mnamkunja mtoto kama nguo." Sikubishana naye. Nilimwomba akae nyuma pamoja na mjukuu wake katika safari ya saa moja, akaona mwenyewe jinsi anavyokaa amekunja miguu kama aliyeketi mkekani, mara aipandishe juu ya mgongo wa siti, mara alale. Tulimwacha atazame nyuma mpaka alipofikisha miaka miwili na nusu, na tulimgeuza kwa sababu alianza kupata kichefuchefu kwenye barabara zenye kona nyingi. Kuona mbele kumempunguzia, ingawa hakukumwisha.

Kuhusu kichefuchefu hicho, kitambaa cha kiti hutoka chote na hufuliwa kwa mashine kwa nyuzi joto 30. Mara ya kwanza kukivua kulinichukua karibu saa nzima, sasa hunichukua dakika kumi na tano. Mikanda yenyewe haifuliwi kwa mashine wala kwa dawa kali, kwani nyuzi zake hudhoofika. Hupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Kifungo cha katikati ya miguu hukusanya makombo mpaka kikagoma kulia "klik", na dawa yake ni kukigeuza chini juu na kukisafisha kama kijitabu kinavyoelekeza.

Safari ndefu zina sharti ambalo wauzaji hawalisemi sana. Mtoto mchanga hapaswi kukaa muda mrefu kwenye kiti cha gari, kwa kuwa kichwa chake huweza kuangukia kifuani na kuibana njia ya hewa. Tulipokuwa na mtoto wa miezi minne tulisimama angalau kila baada ya saa mbili, tukamtoa na kumlaza palipo tambarare, na safari ya saa sita ikawa ya saa tisa. Nilichoka, lakini nisingependa ifanywe vinginevyo.

Kasoro zipo. Kiti kina uzito wa kilo 14, na kukihamisha kutoka gari moja hadi jingine ni kazi ya mtu mwenye kiuno kizima. Ni kipana kiasi kwamba kaka yake mtu, anayekalia kiti cha kuinulia, na shangazi yao hawawezi kukaa naye kwenye siti ya nyuma wote watatu. Kitambaa cha mgongoni kinashika joto, na kila tukifika mgongo wa mtoto huwa umelowa. Kikubwa zaidi, hakikubali kufungwa kwa mkanda wa gari. Gari la babu yake ni la zamani na halina ISOFIX, kwa hiyo babu hawezi kumchukua mjukuu hata hadi kliniki, jambo linalomuumiza kuliko anavyolisema. Kwenye ndege nacho hakifai kwa sababu iyo hiyo. Familia inayotegemea magari ya watu au teksi ingefaa itafute kiti kinachokubali mkanda, hata kama kukifunga kunahitaji uangalifu zaidi. Na kwa yeyote atakayelazimika kuweka kiti kinachotazama nyuma kwenye siti ya mbele, mfuko wa hewa wa upande huo lazima uwe umezimwa, maana ukifumuka utakipiga kiti kwa nyuma, pale kilipo kichwa cha mtoto.

Ningekinunua tena kwa gari hili na kwa mtoto huyu. Kila mwezi tunampima kwenye fremu ya mlango. Wiki iliyopita alikuwa na sentimita 94, hivyo zimebaki 11. Dada yangu, ambaye ni mjamzito, ameshaniomba kiti kikiisha kazi. Tunajua historia yake yote, na kijitabu kinasema kinaweza kutumika miaka kadhaa mbele, lakini nimemwambia kwamba Jumamosi ijayo nitakipeleka kwanza kwake, tuinue zulia la gari lake pamoja, tuone mguu utasimama juu ya nini.