Lineni na vitambaa vya Kijapani hapa Kisumu: kitambaa ni kizuri kuliko duka

Wengi mmeniuliza kitambaa cha ile gauni ya kijani nilitoa wapi, basi wacha niseme yote hapa mara moja nisiwe narudia rudia inboksi. Ni duka moja hapa town, uchochoro unaotokea Oginga Odinga Street, unapanda ngazi juu ya duka la simu, bango la maana hakuna, ni karatasi tu imebandikwa mlangoni. Jina sitaji juu kuna mambo siwezi kuyasifu na sitaki vita na mtu, lakini ukifika utajua ni hapo, roli za lineni zimesimama ukutani mahali ambapo kwa wengine ungekuta satini na krepu za harusi.

Vitu vyenyewe ni vya aina mbili. Kuna lineni ya rangi moja moja, kijani cha majani makavu, nyeupe, kijivu, bluu ya usiku na ile rangi ya asili ya kitani, ule mmea lineni inakotoka, ambayo haijatiwa dawa, upana wake sentimita 140 hivi. Alafu kuna rafu moja ya vitambaa vya Kijapani, pamba ya upana wa 110 yenye vidizaini vidogo vidogo, dabo gozi ya nguo za watoto, na vipande vya yukata, lile vazi la Kijapani la kiangazi, ambavyo nitavirudia juu hapo ndipo watu wengi wanatupa pesa. Lineni niliuziwa 1,600 kwa mita, pamba ya Kijapani 1,300. Najua, najua. Kwa hiyo pesa soko la Jubilee unapata kitenge kizima na chenji ya chapati.

Lakini tuanze na swali la kwanza ambalo mtu mwenye akili anauliza, kama ni lineni kweli. Juu hapa town "lineni" imekua jina la kitambaa chochote chenye nyuzi nene nene, unauziwa mia tatu hamsini kwa mita, unashona suruali, unavaa saa sita mchana unatembea mpaka Kondele na unatokwa jasho mpaka kwenye soksi, kumbe ni poliesta tupu. Sasa huyu mama mwenye duka alinifurahisha, sikua hata nimemaliza kuuliza akavuta uzi mmoja kwenye ukingo, akawasha kiberiti. Uzi ukashika moto haraka, ukanuka karatasi inayoungua, ukabaki na jivu laini la kijivu ambalo ukilisugua kwa kidole linapotea. Poliesta haifanyi hivyo, poliesta inajikunja, inatoa moshi mweusi na mwisho inabaki kidonge kigumu ambacho huwezi kukiponda. Nikasema sawa, mama, kata tatu.

Alafu nikaona roli ingine pale kona, rangi karibu kama hiyo, imeandikwa pia lineni, bei ni ile ile. Nikamwambia tuchome na hii. Akacheka kwanza. "Nyathina (mwanangu), hiyo ni ya mapazia." Nikasisitiza tukachoma, ikatoa kidonge. Sasa mimi sina shida na kitambaa cha kuchanganya, kwa mapazia hata ni afadhali maana hakikunji, shida yangu ni kukiandika lineni na kukiuza bei ya lineni. Kastama asiyejua atabeba hiyo na aende nyumbani akijisifu. Kwa hivyo ukienda beba kiberiti chako, usione haya, uzi mmoja tu wa ukingoni haumharibii mtu biashara.

Jambo la pili ni upimaji. Mezani kuna rula ya chuma imepigiliwa misumari, na yule msichana anayekata ana tabia ya kuvuta kitambaa kikaze kabla hajaweka alama. Lineni inavutika kidogo ukiivuta, ukiiachilia inarudi, kwa hivyo mita zangu tatu nilipozilaza kitandani nyumbani na tepu yangu zilikua zimepungukiwa karibu sentimita kumi. Kwa 1,600 hizo sentimita si mchezo! Na anakata kwa macho, mkasi unaenda ukipinda. Mwambie alaze kitambaa kiwe huru, na mwambie akate kwa kufuata uzi: unakata kidogo tu kwenye ukingo, unashika uzi mmoja kwa kucha, unauvuta taratibu, kitambaa kinajikusanya alafu ule uzi unatoka na unaacha mstari mwembamba mtupu kutoka ukingo mpaka ukingo, ndio mkasi ufuate hapo. Kwa lineni ni rahisi sana juu nyuzi zake ni nene na zinaonekana. Alinuna kidogo lakini alifanya, na kipande kilichofuata kilitoka kimenyooka ajabu.

Kabla hujakata chochote, fua. Hii hawakuambii dukani, mimi nililelewa na mama fundi wa cherehani kwa hivyo najua, lakini mtu mwingine angeshona moja kwa moja alafu nguo ikifuliwa ikarudi mpaka ikamtosha mtoto wake mdogo. Niliosha kwa maji ya moto, nikaanika kivulini, kila mita ikarudi kama sentimita tano. Kwa hivyo ukihitaji mita mbili na nusu nunua karibu tatu, hiyo ni hesabu ya kufanya ukiwa bado pale juu, sio ukiwa nyumbani unalia. Uzuri ni kwamba ikishafuliwa inalainika, na kila ukifua inazidi kulainika, na uzi wa kitani ukilowa unakua na nguvu zaidi kuliko ukikauka, kwa hivyo usiiogope kuifua.

Kushona nilishonea kwa cherehani yangu ya Butterfly ya miguu, hakuna cha ajabu. Sindano namba 14, uzi wa pamba, hatua ndefu kidogo kuliko ya kawaida. Kitu cha kuangalia ni kwamba lineni inafumuka, ukiikata tu nyuzi zinaanza kutoka pembeni, na kama huna ovaloki nyumbani basi fanya hivi: unganisha vipande upande wa nje kwanza, punguza ukingo ubaki nusu sentimita, geuza, shona tena kwa ndani, zile nyuzi zote zinabaki zimefungiwa. Inachukua muda lakini ndani ya gauni kunakua kusafi kama nje na hulipi mtu wa ovaloki. Pasi piga ikiwa bado ina unyevu unyevu, hata pasi ya makaa inatosha kabisa, ikikauka kabisa utasugua mpaka mkono ukuume na mikunjo haitoki.

Na mikunjo ipo, tusidanganyane. Ukikaa kwa matatu kutoka Ahero mpaka town unashuka tumbo limejaa mistari. Shangazi yangu aliniangalia kanisani, "umeamka ukiwa umechelewa ama stima ilipotea?" Kama wewe ni mtu wa kutaka nguo imenyooka kutwa, acha lineni, chukua kitu kingine na uwe na amani. Mimi nimeshazoea juu ile hewa inayopita ndani ya hiyo gauni, na hili jua letu la ziwani pamoja na unyevu wake, sitaki kusikia habari za poliesta tena. Inanyonya jasho na inakauka haraka. Hapo ndipo 1,600 inaanza kueleweka.

Sasa rafu ya Kijapani.

Dabo gozi ni nzuri mno, nunueni. Ni tabaka mbili nyepesi za pamba ambazo zimeshikanishwa na vishono vidogo vidogo, ukiigeuza unaona alama zake zimetapakaa kote, na ukishafua inajikunja kunja kidogo inakua laini kuliko shali yoyote ya mtoto niliyowahi kushika. Nilimtengenezea mtoto wa dada yangu kitambaa cha kumfunika na bibu mbili. Tumia sindano nyembamba, namba 11 au 9, na kama kuna pini butu usizitumie zinavuta nyuzi. Kwa suti ya mtu mzima usithubutu, haina nguvu hiyo.

Ile pamba ya kawaida ya Kijapani, kusema kweli, ni nzuri lakini si ya 1,300. Rangi zimechapwa safi, ukingoni kuna vile viduara vya rangi zote zilizotumika na maandishi ya Kijapani, dizaini ni paka, maua ya cheri, vikombe. Lakini vidizaini ni vidogo, ukishona gauni zima ukisimama mbali kidogo yote inakua kama vumbi. Na upana ni 110 tu, kwa mtu wa mwili kama mimi mita tatu zinaisha upesi. Mfuko wa ndani wa kanzu, kola, bitana ya mkoba, hapo sawa, nunua robo mita ufurahi.

Vipande vya yukata ndivyo watu wanaingia navyo pabaya. Upana wake ni kama sentimita 36 mpaka 38. Hiyo si kasoro, ndivyo vinavyofumwa kule Japani tangu zamani, roli moja ya kama mita 12 inatosha vazi la mtu mmoja, na vazi lenyewe linakatwa vipande vilivyonyooka tu, mistatili mitupu, karibu hakuna kinachobaki sakafuni. Kwa hivyo ukichukua kipande cha mita mbili ukidhani utatoa blauzi yenye mkono wa puto, utapiga hesabu mpaka kesho. Nimetengeneza cha kutandika katikati ya meza, foronya za mito ya kochi, na aproni ambayo nilitia lineni ya kijivu pembeni ili ipate upana. Ile ya bluu iliyokolea inaachia rangi, vidole vilibaki bluu wakati wa kushona, iloweke peke yake kwa maji baridi na urudie mpaka maji yatoke safi kabla hujaiweka karibu na kitu cheupe.

Kitu ambacho sikutarajia kukipenda ni ile seti ya sashiko, ushonaji wa mkono wa Kijapani. Ni kitambaa cha bluu kilichochapwa tayari mistari, sindano ndefu yenye tundu kubwa na uzi mweupe wa pamba. Unafuata mistari kwa mshono wa kawaida tu wa mbele mbele, ukimaliza unakilowesha, ile mistari iliyochapwa inapotea na mshono wako unabaki. Asili yake ni wakulima na wavuvi wa Japani, hasa kule kaskazini kwenye baridi, ambako pamba ilikua ghali, wakawa wanabandika viraka juu ya viraka na kushona vyote pamoja ili nguo iwe nzito na idumu. Mshono wanataka uwe na urefu wa punje ya mchele, na sisi tulio karibu na Ahero hatuna kisingizio cha kutojua punje ya mchele ikoje. Mama yangu aliichukua mkononi akasema hii mbona ni kazi ya vitambaa vya makochi, akamaliza kona nzima ya ile dizaini ya mawimbi huku anaangalia habari. Bei ya seti ni 1,800, ghali, lakini ukishajua mtindo huhitaji seti ya pili, chora kwa chaki na rula kwenye lineni ya bluu, tumia uzi wa kufuma ule mwembamba usiong'aa, inatoka vizuri tu. Anza mistari yote ya upande mmoja, alafu ya upande mwingine, na usivute uzi ukakaza, acha kidogo kila unapogeuka ama kitambaa kitajikunyata.

Kama bajeti haifiki huko, nenda soko la Kibuye Jumapili, na usitafute vitambaa, tafuta nguo za mitumba. Mashati ya wanaume saizi kubwa kabisa na mashuka. Geuza leba: wazungu wengine hawaandiki linen, Wafaransa wanaandika lin, Wajerumani Leinen, Wataliano na Wahispania lino, na wauzaji wengi hawajui kwa hivyo hawapandishi bei. Fika mapema wakati belo linafunguliwa uchukue kamera, yaani zile bora kabisa. Shati moja kubwa linatoa blauzi ya msichana na vifungo juu, na limeshafuliwa huko lilikotoka kwa hivyo halirudi tena. Za Kijapani sijawahi kuziona huko, hizo ni za ngazi juu ya duka la simu tu.

Huduma kwa jumla, mama mwenyewe akiwepo ni nzuri, anajua vitu vyake na anakuacha ushike, akiwa hayuko yule msichana yuko kwa simu. Vitambaa vikishakatwa havirudishwi, na hiyo ni haki. Unalipa kwa M-Pesa na risiti mpaka uombe. Chini ya meza kuna gunia la mabaki, hawalionyeshi, uliza, vipande vya lineni vya nusu mita wanauza mia mbili na hapo ndipo nilipata kile cha bluu cha sashiko. Walio Kakamega, Busia au Kisii wanatumiwa na matatu, ila pigeni simu mwambieni apime kitambaa kikiwa kimelala mezani, na awatumie picha ya tepu kabla hajakata.