Makao safi, mazungumzo haba: tathmini baada ya mwaka mmoja

Mama yangu ana dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, itokanayo na ugonjwa wa Alzheimer, na ameishi katika makao haya ya wazee kwa mwaka mmoja sasa. Usafi unaridhisha, dawa hutolewa kwa wakati na milango ni salama. Katika hayo sina lalamiko.

Lalamiko langu linahusu neno moja, "ametulia", ambalo nililikuta karibu kila siku katika daftari la taarifa zake. Mwanzoni lilinifariji. Kisha nilishinda naye kutwa nzima, nikaona kuwa utulivu ule ulikuwa wa mtu asiyesemeshwa: aliogeshwa, akalishwa, akaketishwa mbele ya televisheni, na maneno aliyoambiwa yalikuwa ya kumwelekeza tu, inuka, keti, meza. Kifaa chake cha kusikia kilikuwa kimeisha betri, kwa hiyo hata hayo machache hayakumfikia. Katika miezi michache alikuwa amekonda, ameacha kuanzisha mazungumzo, na kila jioni alitangatanga kwenye korido akimwita marehemu dada yake. Wahudumu walisema ni ugonjwa unaendelea. Ni kweli unaendelea, ila sikubali kwamba kila badiliko lihesabiwe kwa ugonjwa wakati mgonjwa hana hata mtu mmoja wa kuzungumza naye.

Dawa ya hali hii haihitaji fedha nyingi. Utafiti uliofanywa katika makao 69 nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa malezi yanayomjali mtu kwa jinsi alivyo, pamoja na takriban saa moja kwa wiki ya mazungumzo na shughuli azipendazo, yaliboresha maisha ya wazee wenye dimenshia na kupunguza fadhaa zao, tena kwa gharama ndogo kuliko malezi ya kawaida.

Nilimpelekea meneja hoja hizo, naye, namshukuru kwa dhati, alinisikiliza. Mhudumu mmoja alipangiwa kukaa na mama dakika kumi kila asubuhi, wakikunja vitambaa pamoja huku akimuuliza juu ya ushonaji, kazi aliyoifanya maisha yake yote, na betri sasa hukaguliwa kabla ya kifungua kinywa. Uzito haujarudi, na jioni bado ni ngumu. Hata hivyo, katika wiki ya tatu mama alimuuliza mhudumu yule jina lake. Kesho yake alikuwa amelisahau, akamuuliza tena, na kwangu kule kuuliza ndiko kulikokuwa na thamani.

Tatizo lililobaki ni kwamba mhudumu huyo akiwa mapumzikoni hakuna anayeshika nafasi yake, na siku za Jumamosi na Jumapili daftari husema tena "ametulia". Nimetoa nyota tatu kati ya tano, na nitaongeza ya nne zamu hizo zitakapopangiwa mtu.