Darubini ya lenzi au ya kioo? Kwa anga la Dar, chukua hii

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mezani nina darubini mbili: hii nyembamba ni ya lenzi, kipenyo milimita 70, na hili pipa ni la kioo, milimita 130.

Kwanza, haya maandishi ya kwenye boksi, "mara 525", yapuuzeni. Ukuzaji wenye faida hauzidi sana mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Hii ya 70 ukiipitisha mara 140, unakuza ukungu tu. Kinacholeta tofauti ni mwanga, na pipa hili linakusanya zaidi ya mara tatu ya mwenzake.

Nimezielekeza zote kwenye Mshtarii, juu ya paa hapa Sinza. Kwenye lenzi, ukingo wa sayari unazungukwa na zambarau, maana lenzi hupinda kila rangi kivyake. Kioo hurudisha rangi zote sawa. Ndiyo sababu Isaac Newton alijitengenezea ya kioo mwaka 1668.

Kwa darubini kubwa, tatizo la lenzi ni uzito. Inashikwa pembeni tu, kwa hiyo ikipanuka inalegea katikati. Kioo unakibeba kwa mgongo wote. Darubini ya lenzi iliyo kubwa kuliko zote zilizowahi kutumika kuchunguza nyota, ya kituo cha Yerkes kule Marekani, ni ya mwaka 1897, lenzi yake sentimita 102. Darubini mbili za Keck, Hawaii, kila moja ina kioo cha mita 10, kilichoungwa kwa vipande 36.

Sasa ya kwetu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo sayari hupita karibu na utosi. Ya lenzi unaichungulia mkiani, unainama hadi mgongo unauma. Ya kioo unachungulia ubavuni, juu, umekaa kwenye stuli yako. Ila msikubali kuuziwa kitako cha kuelekezwa kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka! Ncha yetu ya kusini iko nyuzi 7 tu juu ya upeo, ukuta wa jirani unaiziba, na vitako vingine havishuki hadi hapo. Cha kuzunguka na kuinuka kinatosha kabisa.

Lenzi ninaisifu kwa hili: bomba lake limefungwa. Nyinyi wa Kigamboni na Msasani, upepo wa chumvi unakula utando wa alumini wa kioo. Mkimaliza, funikeni, na kamwe msikifute kwa kitambaa. Pia kioo hugeuza picha, meli za bandarini zitaonekana kichwa chini. Lenzi peke yake nayo huigeuza, kwa hiyo mtoto anayetaka meli na Mwezi tu, mpeni lenzi yenye kipande cha kunyoosha picha. Jua asilielekeze kabisa, kwa darubini yoyote, atapofuka.

Mimi nachukua pipa. Tazameni huku nyuma: hizi skrubu tatu ndizo zinazonyoosha kioo. Likisafirishwa kwa bodaboda, zikagueni kabla ya kulaumu darubini.