Vanishi iligoma kukauka juu ya mtiki: uzoefu wangu na shelaki

Siku ya tisa tangu tupake vanishi, mama aliketi kwenye benchi jipya la barazani. Alipoinuka, kanga ikabaki nyuma. Tuliibandua taratibu, na pale alipokaa pakabaki alama ya kila uzi wa kanga ile. Nilisikitika sana, maana benchi lile nililitengenezesha kwa ajili yake.

Kopo la vanishi lilikuwa jipya. Siku hiyohiyo tulikuwa tumepaka vanishi ileile kwenye mlango wa paini, na mlango ukakauka kufikia kesho yake. Nikajiandaa kwenda dukani kudai pesa yangu. Fundi wangu hapa Mikindani akanizuia: "Dada, mwenye duka hana kosa. Mti wenyewe una mafuta."

Benchi ni la mtiki, wengine mnauita msaji. Fundi alipiga randa kipande kilichobaki, akanipa nikishike. Kiganja kiliteleza kama nimeshika nta, na harufu yake ni ya ngozi iliyokaa kabatini. Mpingo nao uko hivyohivyo. Ndiyo maana wachongaji wengi wa Kimakonde hawahangaiki na vanishi kabisa: wanausugua kwa msasa laini mpaka ung'ae wenyewe, wanamalizia na nta au polishi.

Vanishi ya mafuta ikishapakwa, tina, yaani kiyeyusho chake, huruka kwanza, kisha mafuta ya vanishi yanavuta oksijeni ya hewani ndipo yanagandamana kuwa ngozi ngumu. Utomvu wa miti kama mtiki na mpingo una kemikali zinazozuia kazi hiyo. Juu panabaki panata hata ukingoja mwezi mzima, na kuongeza mkono wa pili wa vanishi ni kuongeza tabu tu.

Tukakwangua yote. Hii ndiyo kazi iliyotuchosha kuliko zote, siku mbili nzima, kwa sababu vanishi mbichi inajaza msasa dakika moja tu. Tulianza na kikwangulio na tina, halafu msasa namba 120, tukamaliza na 180. Vaeni barakoa, vumbi la mtiki linawasha pua na ngozi.

Bidhaa ninayoisifia hapa ni shelaki, ile gundi inayotokana na wadudu wa India na Thailand. Niliagiza Kariakoo, ikaja na basi, ikiwa bado magamba makavu yenye rangi ya asali. Omba iliyoondolewa nta, maana yenye nta haishikani vizuri na vanishi za poliurethani. Nililoweka gramu 60 kwenye nusu lita ya spiriti, nikaacha usiku kucha, nikaichuja kwa kitambaa. Changanya ya kutumia kwa miezi michache tu. Ikichakaa nayo inakataa kukauka.

Kabla ya kupaka, tulifuta ubao kwa asetoni kutoka duka la rangi za magari. Kitambaa cha kwanza kilitoka na rangi ya chai ya rangi, cha tatu kikatoka karibu cheupe. Hapo usiende kula kwanza. Mafuta ya ndani yanapanda tena juu, kwa hiyo asetoni ikiruka tu, paka. Tulipaka mikono miwili myembamba mchana wa Julai, wakati wa kusi, hewa kavu. Masika singethubutu, unyevu unaiacha shelaki na ukungu mweupe.

Baada ya saa moja niliweka kiganja, kikatoka kikavu. Kesho yake tukaja na vanishi ileile iliyotutesa, mikono mitatu, kila mmoja ukilala usiku. Ikakauka kama ilivyokauka kwenye mlango.

Shelaki peke yake sikushauri kwa meza. Kikombe cha moto au maji yaliyosimama vinaiachia duara jeupe, na spiriti inaiyeyusha. Kazi yake iwe kukaa katikati ya mti na vanishi. Na kama benchi lako litakaa juani na mvuani, achana na vanishi yoyote. Mtiki unavumilia wenyewe, utageuka kijivu, basi. Ukipenda mafuta ya kitani, paka membamba, ufute yanayobaki, na matambara yake uyatandaze nje yakauke. Ukiyafinyanga na kuyarundika yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka.

Bei ya shelaki si ndogo, na hapa Mtwara sijaiona madukani. Hata hivyo gharama yake ni ndogo kuliko zile siku mbili za kukwangua.

Chini ya benchi, mahali pasipoonekana, tuliacha sehemu ya upana wa kiganja bila asetoni wala shelaki, tukaipaka vanishi moja kwa moja. Jana nimeingiza mkono nikaigusa. Ni mwezi wa pili sasa, na ukucha bado unazama.