Laki saba kwa ThinkPad ya mtumba: uzoefu wangu kama mtu wa kuandika

Naishi kwa kuandika. Mchana natafsiri nyaraka za watu, usiku nasukuma hadithi zangu, na kazi zote mbili hazina ofisi: zinafanyika mezani kwangu Tabata, kibarazani kwa shangazi Morogoro, na wakati mwingine kituoni nikisubiri basi. Kwa hiyo nilipotafuta kompyuta mpakato mpya, yaani mpya kwangu, sikutafuta mashine ya michezo wala ya kuhariri video. Nilitaka kitu kisichochosha vidole, kisichonizimikia umeme ukikatika, na kinachoingia mkobani. Bajeti ilikuwa laki nane, haina nyongeza.

Nimeishia kwenye Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka 2018, prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i5 ya kizazi cha 8, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, hifadhi ya SSD ya GB 256. Muuzaji alianzia laki saba na themanini, tukamalizana laki saba pamoja na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi.

Kila mtu ananiuliza kwa nini sikununua mpya ya kwenye boksi, mama yangu akiwa wa kwanza. Kwa laki sita hadi nane, nyingi za mpya nilizoonyeshwa madukani zilikuwa za prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC, ya polepole kuliko SSD, ya GB 64 au 128. Zinawaka, zinafungua Word, na ukiwa na faili moja mbele yako hutalalamika. Lakini kutafsiri si faili moja. Kuna PDF ya mteja, kamusi mbili kwenye kivinjari, WhatsApp ya kuulizia maana iliyofichika, halafu ndiyo maandishi yenyewe. GB 4 hapo zinahema. Isitoshe, kwenye nyingi ya mashine hizo RAM imechomelewa kwenye ubao, kwa hiyo hata ukipata pesa mwakani huna pa kuiongeza. Na kibodi zake! Bonyeza herufi ya katikati kwa nguvu kidogo uone bati zima linavyobonyea. Anayeandika barua pepe mbili kwa wiki hatajali. Vidole vyangu vilikataa palepale dukani.

Za mtumba zilizotoka maofisini zilitengenezwa kwa mtu anayekaa mezani kutwa nzima. Kampuni za Ulaya na Marekani huzitumia miaka michache, huziondoa zote kwa mpigo, nazo huzunguka kupitia Dubai au kwingineko hadi Kariakoo. Zinakuja na mikwaruzo na stika za namba za ofisi zilizobanduliwa nusu, ila bawaba zake bado zimekaza.

Niliweka kadhaa kwenye mizani kabla ya kuamua. HP EliteBook 840 G5 na Dell Latitude 7490 ni za rika moja na T480, prosesa zile zile, kioo cha inchi 14, bei karibu sawa. EliteBook ni nyepesi kidogo na ina umbo la kupendeza zaidi, na mtu akiichukua simlaumu. ThinkPad X280 ni ndogo na nyepesi kweli, lakini RAM yake imechomelewa na betri iko ndani moja tu. Halafu kuna MacBook Air ya M1, iliyotoka Novemba 2020. Nisiwe mnafiki: ningekuwa na milioni na nusu ningeichukua. Ina kilo 1.29, haina feni kwa hiyo haitoi hata mlio, na Apple wenyewe waliitangaza kwa hadi saa 18 za kutazama video. Kwa laki nane sikuipata iliyo safi. Kama unaitamani Air na pesa haitoshi, usishuke hadi za 2018 na 2019. Hizo zina ile kibodi ya vitufe vifupi ambayo Apple ililazimika kuianzishia mpango wa matengenezo ya bure, na mpango ule ulihesabu miaka minne tu tangu kompyuta iliponunuliwa mara ya kwanza. Kwa mtu wa kuandika, hiyo ni kununua ugonjwa.

Kilichonivuta kwa T480 ni betri. Ina mbili: ya ndani ya Wh 24 (wati-saa, kipimo cha uwezo wa betri), na ya nje inayochomekwa kwa nyuma, ambayo huwa ya Wh 24, 48 au 72 kutegemea aliyeiagiza alikuwa mkarimu kiasi gani. Mashine inaanza kula ya nje. Ikiisha unaichomoa, unaweka nyingine, na ile ya ndani inaendelea kushikilia kazi. Huzimi, huhifadhi kwa hofu, sentensi haikatiki. Yangu imevaa ile ya Wh 72. Inatokeza kwa chini na kuinua nyuma ya kompyuta, jambo ambalo wengine wanaliona ni ubaya. Mimi mteremko ule unanipumzisha viganja. Umeme ukikatika jioni naongeza tu giza la kioo kidogo na kuendelea hadi usingizi unishinde, na kwa kawaida usingizi ndio unaotangulia.

Lakini betri ya mtumba usiiamini kwa maneno. Muuzaji aliniambia, "Dada yangu, hii betri iko fulu, masaa sita hesabu." Nikamwomba niifungue sehemu ya amri ya Windows, nikaandika powercfg /batteryreport. Amri hiyo inatengeneza ukurasa unaoonyesha uwezo ambao kila betri ilizaliwa nao na uwezo uliobaki. Ya nje ilikuwa chini ya nusu. Nilimgeuzia kioo aone mwenyewe. Hakubisha, wala hakuona haya. Alivuta boksi chini ya meza, tukajaribu betri moja baada ya nyingine mpaka tukapata yenye afya. Ukifanya hivi kabla ya kutoa pesa unaitwa mteja anayejua. Ukirudi keshokutwa unaitwa msumbufu.

Chaja ni ya USB-C, wati 65. Raha yake ni kwamba pawabanki yenye nguvu hiyo inaichaji pia, ila zile za kawaida za simu haziiwezi. Mashine ina tundu mbili za aina hiyo, na zote zinapaswa kupokea moto. Chomeka chaja kwenye kila moja, utikise waya kidogo, uangalie taa. Hili si neno la kupita tu: ThinkPad za miaka ile, T480 zikiwemo, zilikuwa na kasoro katika programu ya ndani ya Thunderbolt, teknolojia inayotumia tundu la USB-C, iliyoweza kuua tundu, na Lenovo walitoa sasisho la kuirekebisha. Sasisho hilo lilikuwa la kwanza kuwekwa nilipofika nyumbani.

Sasa kibodi, na hapa nitakaa kidogo. Vitufe vinashuka milimita 1.8, kina ambacho kompyuta nyembamba za siku hizi zimekiacha, na kila kitufe kimebonyea katikati kiasi cha kidole kujua kimefika. Baada ya kurasa kadhaa mkono hauumi. Ila kibodi nzuri ya nchi isiyo yako ni balaa, na rafu za Kariakoo zina kibodi za kila nchi. Za Ujerumani zimebadilishana Y na Z. Andika "habari ya kazi" kwa mazoea ya vidole vyako, utapata "habari za kayi". Za Ufaransa ndiyo kabisa: A iko mahali pa Q, W mahali pa Z, kwa hiyo "wazazi" inatoka "zqwqwi". Kiswahili kinakula A na W na Z kila baada ya pumzi, huwezi kuzikwepa. Hata kile kialama cha ng'ombe na ng'ambo, ambacho kwenye kibodi ya Uingereza na ya Marekani kinakaa karibu na Enter chini ya kidole cha mwisho, kwenye ya Kijerumani mpaka ushikilie Shift. Wauzaji wanabandika stika za herufi juu na kubadilisha mpangilio kwenye Windows. Inafanya kazi, mpaka stika zianze kung'oka kwa jasho.

Kwa hiyo nilikataa zote zenye stika nikachukua ya Uingereza. Na sikuijaribu kwa kupapasa vitufe ovyo kama wanavyofanya wengi. Niliomba kiti, nikaandika aya nzima ya hadithi niliyokuwa nayo kichwani, yenye majina na alama zote. Kijana wa dukani alidhani naandika malalamiko. Nilichokutana nacho ni kwamba kwenye ThinkPad za rika hili kitufe cha Fn kimekaa kwenye kona, mahali ambapo kidole kinatafuta Ctrl, na kila nikitaka kunakili nilikuwa nakosea. Dawa ipo kwenye BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijawaka: unavibadilishia kazi vitufe hivyo viwili, basi. Kile kitufe chekundu katikati ya kibodi, cha kusogeza mshale, nilikidharau mwanzoni, sasa kwenye basi linalotikisika nakitumia kuliko ile sehemu ya kutelezesha kidole.

Tukiwa hapo hapo kwenye kuandika: Word ikidhani unaandika Kiingereza, ukurasa mzima wa Kiswahili unageuka mistari myekundu, na "kalamu i wapi" inakuwa "kalamu I wapi". Badilisha lugha ya maandishi na uzime marekebisho ya kujiendesha. Mimi hadithi naziandika kwenye LibreOffice, ambayo ni ya bure na ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Kamusi hiyo haijui kila neno la mtaani, lakini inanikamatia herufi zilizorukwa.

Kioo kinataka macho. T480 nyingi za bei ya chini zina kioo cha 1366 kwa 768, kile ambacho ukisimama pembeni rangi zinageuka kama picha iliyoungua. Lipa elfu hamsini au themanini zaidi upate cha IPS, ambacho rangi hazigeuki ukikitazama pembeni, cha 1920 kwa 1080. Hapo unaweza kuweka matini asilia kushoto na tafsiri kulia bila kufinya herufi. Hata hicho kizuri mwanga wake ni wa ndani ya nyumba. Kibarazani kivulini kinasomeka, kwenye sitaha ya boti ya kwenda Unguja jua likiwaka utajitazama sura yako tu.

Kuhusu mwendo sina mengi. Prosesa ya kizazi cha 8 ina koa (viini vya kufanyia kazi) nne pale ambapo i5 za aina hii za kizazi cha 7 zilikuwa na mbili, na kwa maandishi hiyo ni ziada. Baadaye niliongeza RAM ya GB 8 kwenye nafasi ya pili, fundi akaifunga huku nikimtazama. Sababu kubwa ya kung'ang'ania kizazi cha 8 ni Windows. Windows 10 ilikoma kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inazipokea rasmi kuanzia kizazi hicho, isipokuwa chache mno. T470, iliyoitangulia T480, utaikuta kwa bei ya chini na Windows 11 juu yake, lakini imeingizwa kwa mlango wa nyuma.

Safarini, uzito unaonekana. Ni kilo 1.6 hivi na betri ndogo, na hiyo ya kwangu kubwa inaongeza, kisha chaja. Begani, kutoka kituoni hadi kwa shangazi, nauhisi. Kwenye basi aliyekaa mbele akilaza kiti, kioo cha inchi 14 hakipati pa kusimama. Afadhali bawaba zake zinalala hadi chini kabisa, kwa hiyo naisogeza mapajani na kuinamisha kioo ninavyotaka. Kwenye daladala siifungui, hilo halihusiani na mashine. Na weusi wake usio na mvuto ninaushukuru: ndani ya mkoba wa kitenge haimshawishi mtu.

Jambo moja la kuangalia kabla hujahesabu noti, kwa sababu linahusu mashine zote za maofisini. Izime, iwashe, bonyeza kitufe cha kuingia BIOS (kwenye ThinkPad ni F1). Ikikudai nenosiri la msimamizi, iache hapo hapo, hata wakikupunguzia laki. Kisha mwombe muuzaji airudishe Windows kama ya kiwandani, si kuizima na kuiwasha tu, ikiwa imeunganishwa kwenye intaneti. Ikitokea ukurasa unaokutaka uingie kwa barua pepe ya kampuni fulani, ujue mwenye nayo hajaiachia. Mmoja aliniambia "hiyo tunairuka, dada." Niliiruka mimi, nikaenda duka la pili.

Anayefanya mikutano ya video kila siku atafute nyingine. Kamera ya T480 ni ya 720p na inakuonyesha kama umekaa kwenye moshi. Mimi mikutano nafanya kwa simu, nimeiegemeza kwenye kikombe.